Tyubu Iliyobaki Kabatini: Mhadhara Kuhusu Krimu za Steroidi

Ndugu wahudumu wa afya ya jamii, mama zangu na wazee wangu mliofika, nawashukuru kwa mwaliko huu. Niliombwa nizungumzie dawa zote za kupaka kwenye ngozi, lakini nilipoipitia orodha yake niliona kwamba tungezigusa zote juu juu tukaondoka mikono mitupu. Kwa hiyo nimechagua kundi moja tu, yaani krimu na marhamu zenye steroidi, kwa kuwa hizi hununuliwa kwa wepesi, hupeanwa baina ya majirani kama chumvi, na hunipa kazi nyingi katika kliniki ya ngozi.

Nianze na mtoto wa miaka sita ambaye mama yake alimleta akiwa na mfuko wenye tyubu tatu zilizokunjwa mkiani mpaka shingoni. Miezi minne kabla ya hapo, mtoto alitokewa na kiduara shavuni, ukingo umeinuka, katikati pakavu, kinawasha hasa akitoka jasho. Jirani akatoa tyubu iliyomsaidia yeye mwenyewe kwenye mkono. Siku ya tatu mwasho ulikwisha na uvimbe ukanywea, mama akashukuru, akaacha kupaka. Baada ya wiki moja kiduara kikarudi kikiwa kipana kuliko mwanzo, akapaka tena, kikatulia tena, na mchezo ukawa huo huo hadi tyubu ya tatu. Alipofika kwetu hapakuwa na duara la kutambulika, bali madoa yaliyosambaa mpaka karibu na jicho, na vipele vya usaha hapa na pale. Tulikwangua magamba machache tukayatazama kwa darubini, tukakuta nyuzi za fangasi zimejaa.

Tatizo la mtoto huyu ni kwamba dawa ilikuwa imefanya kazi yake barabara. Steroidi haiui fangasi, wala bakteria, wala wadudu wa upele. Kazi yake ni kuzima hasira ya mwili, yaani mwasho, uvimbe na joto. Mtu akiwa na pumu ya ngozi, hasira hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe, na kuizima ni tiba halali. Akiwa na fangasi, hasira hiyo ndiyo ulinzi, naye anakuwa amemfunga mlinzi mikono ilhali mwizi yumo ndani. Madaktari Ive na Marks waliieleza hali hii mwaka 1968 wakaipa jina la Kilatini, tinea incognito, kwa maana kwamba ugonjwa umevaa sura isiyo yake. Hata zile krimu za tatu kwa moja, zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi pamoja, zina tatizo hili, kwa sababu mgonjwa huanza kupata nafuu upande wa mwasho, akaacha kupaka kabla fangasi hajafa.

Jambo jingine ni namba zilizoandikwa kwenye tyubu, ambazo huwapoteza hata watu waliosoma sana. Haidrokotisoni, iliyoanza kutumika kwenye ngozi za wagonjwa mwaka 1952, mara nyingi huandikwa asilimia 1. Betamethasoni valereti huandikwa asilimia 0.1, na klobetasoli propionati asilimia 0.05. Mnunuzi aliyesimama kaunta hudhani ile yenye namba ndogo ndiyo ya kumpakia mtoto, kumbe mambo ni kinyume: haidrokotisoni ndiyo nyepesi, betamethasoni hiyo ni kali, na klobetasoli iko daraja la juu kabisa, ikikadiriwa kuwa na nguvu mara 600 ya haidrokotisoni. Asilimia hueleza kiasi cha dawa kilichomo, haielezi ukali wa dawa yenyewe; kijiko cha pilipili hoho na kijiko cha pilipili kichaa ni kijiko kile kile. Klobetasoli haitakiwi kupita wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki, na hayo ni ya mtu mzima.

Ngozi nayo si moja mwili mzima. Watafiti Feldmann na Maibach walionyesha mwaka 1967 kwamba ngozi ya mfuko wa korodani, wazee wangu mniwie radhi kuitaja hadharani, hunyonya haidrokotisoni mara 42 kuliko ngozi ya mkono. Uso, kope, makwapa na kinena ni sehemu laini pia, na dawa kali inayopakwa kwenye kope kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho. Mtoto anayepakwa krimu makalioni kisha akafungwa napi ya plastiki ni kama amefunikwa na kifuniko cha sufuria. Dawa huingia zaidi ya ilivyokusudiwa.

Sasa naomba mkitazame kidole changu cha shahada. Ninaminya krimu katika mstari mmoja kutoka ncha ya kidole hadi kwenye mkunjo wa kwanza, na mstari huo, kwa tyubu ya kawaida, ni takribani nusu gramu. Unatosha kupaka eneo linalolingana na viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Mguu mzima wa mtu mzima, kuanzia paja hadi wayo, huhitaji mistari minane, yaani gramu nne, kwa hiyo anayepaka mara mbili kwa siku atamaliza tyubu ya gramu 15 kabla ya siku mbili kwisha. Nimepiga hesabu hii kwa makusudi, kwa sababu wapo wazazi wa watoto wenye pumu ya ngozi ambao wamesikia ubaya wa steroidi mpaka wakapaka kitone kama cha manukato, mtoto akaendelea kujikuna usiku kucha, nao wakasema dawa imeshindwa. Dawa haikushindwa, haikufika.

Mkorogo sitausemea kirefu, maana ungehitaji siku yake. Itoshe kusema kwamba klobetasoli hukutwa pia humo, ikipakwa mwili mzima, kila siku, kwa miaka. Ngozi hukonda, hutoka michirizi isiyofutika, na tezi zilizo juu ya figo hulegea katika kutengeneza homoni yake ya asili, kwa kuwa mwili unaipata kutoka nje.

Ndiyo maana nawasihi waliokwisha kupaka dawa kali kwa miezi wasiitupe leo jioni. Ngozi iliyozoea huweza kulipuka kwa kuwashwa na kuungua, na mtu aliyepaka eneo kubwa anaweza kupata udhaifu, kizunguzungu na kutapika, hali inayotaka hospitali mara moja. Yule mtoto naye, tulipomwanzishia dawa ya fangasi, siku za kwanza shavu liliwaka zaidi, na kama mama hangeonywa mapema angerudi kwa jirani. Kupunguza kuna utaratibu, nao hutofautiana kwa dawa na kwa muda iliyotumika. Kwa hiyo mnapokuja kliniki njooni na tyubu zenu, hata zilizokwisha, kwa sababu yale maandishi madogo chini ya jina la biashara ndiyo yatakayotuonyesha pa kuanzia.