Bibi Anaponyamaza: Mhadhara kwa Waandishi wa Vichekesho vya Familia

Ndugu Mwenyekiti, ndugu waandishi, jambo hili nimelisema mara nyingi kiasi kwamba baadhi yenu mngeweza kunimalizia, lakini kwa kuwa miswada ninayoletewa haijabadilika, nitalirudia. Huzuni ya sehemu ya mwisho ya msimu huandikwa mapema, ndani ya vichekesho vyenyewe, wakati mtazamaji anacheka na hajui anaandaliwa nini.

Chukueni One Day at a Time, tamthilia ya televisheni ya kuchekesha kuhusu familia, lile toleo jipya lililoanza kuonyeshwa na mtandao wa Netflix mwaka 2017, na mtazame sehemu iliyofunga msimu wake wa pili mwaka 2018. Lydia, bibi wa Kikuba anayeigizwa na Rita Moreno, analala sebuleni katika nyumba ya binti yake huko Los Angeles, nyuma ya pazia. Kila anapotoka hulifungua pazia hilo kwa mikono miwili kama malkia anayewatokea raia zake, na watu huangua kicheko. Mzaha huo unarudiwa hadi asiyeijua kazi hii anaweza kudhani kwamba waandishi wameishiwa, kumbe wanatuzoesha kuwa katika nyumba ile yupo mtu mmoja asiyejua kunyamaza.

Kisha Lydia anapatwa na kiharusi. Sehemu ya mwisho inapita kando ya kitanda chake cha hospitali, yeye akiwa amepoteza fahamu, na binti yake Penelope, wajukuu Elena na Alex, Schneider mwenye jengo na Daktari Berkowitz wanazungumza kwa zamu na mtu asiyejibu. Watu ambao kwa misimu miwili walikuwa wakikatizwa kauli na bibi huyu sasa wanamaliza sentensi zao, na hapo ndipo panapouma. Hakuna adui mpya aliyeletwa wala siri iliyofichuliwa. Imeondolewa sauti moja tu.

Najua atasimama mtu aseme kwamba mtazamaji ametoka kazini amechoka, anataka kuvunjika mbavu, nasi tunamletea mgonjwa mahututi. Hoja hiyo nimeisikia hata kwa wanaolipwa kuandika, nayo hunichosha, kwa sababu inachukulia kwamba familia inayochekesha haiugui. Mwingine atasema kwamba huo ni mtego wa kumrudisha mtazamaji msimu ujao. Si hapa: sehemu zote 13 zilitolewa siku moja, na swali la kama Lydia atakufa linajibiwa kabla sehemu haijakwisha, pale anapocheza na marehemu mumewe Berto, akamwambia kwamba wakati bado, kisha akazinduka.

Naona Mwenyekiti anatazama saa. Kuhusu muziki niseme hili tu: tamthilia hii ilirekodiwa mbele ya watazamaji, kwa hiyo kimya mnachokisikia ni cha watu waliokuwapo, na hakihitaji kinanda kinacholia chini ya kila neno, kama mnavyopenda kuniwekea. Kuhusu mwisho wa msimu wa kwanza, ambapo Victor anaondoka katika sherehe ya miaka 15 ya binti yake Elena kabla ya ngoma ya baba na mwana, nilikuwa na kurasa kadhaa, leo tuziache.

Mtakaoniletea miswada, niwekeeni sehemu ya tatu juu kabisa. Hiyo ya mwisho nitaifungua nikiona inastahili.