Haiti: nani aliwapa wale vijana bunduki?

Hamjambo watu wangu. Hapa Brockton, Massachusetts, ni saa moja na nusu asubuhi. Nimetoka zamu ya usiku, hata sare sijavua, na ninarekodi ndani ya gari kwa sababu nikishaingia nyumbani watoto hawaniachi niongee. Leo sina habari za viza wala bei ya nyumba. Kuna mama mmoja wa Nyeri aliniandikia. Mwanawe ni polisi, na alipelekwa Haiti. Akaniuliza, "Hao watu wana nini wao kwa wao, hata mtoto wangu aende kuwaamulia?" Mama, hilo swali lako nimekaa nalo wiki mbili.

Mimi nahudumia wazee. Usiku kwenye korido yetu tuko wanne, na watatu ni Wahaiti. Baridi iliyopita simu ya mmoja wao, dada wa makamo, iliita saa nane usiku tukimgeuza mzee kitandani. Hakuipokea mpaka tulipomaliza kumfunika. Binamu yake alikuwa ametekwa Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, akitoka sokoni. Dada yule aliegemea toroli la mashuka, akaanza kupiga hesabu nyuma ya karatasi ya zamu: wa Miami atoe ngapi, wa Montreal atoe ngapi, nani bado ana deni la safari. Walituma kikombozi, wakaambiwa hakitoshi, wakatuma tena. Siku ya kumi na moja binamu akaachiliwa. Nami nikamwambia dada, hawa watekaji ni wanyama. Akatikisa kichwa. Akanitajia mtaa wao, akanitajia na mbunge wa zamani wa huko, akasema, "Hawa ni watoto wake. Aliwalea wakati wa uchaguzi."

Sasa tuanzie kwenye pesa, kwa sababu bila pesa hii hadithi haieleweki.

Mwaka 2006 Haiti iliingia kwenye mpango wa PetroCaribe wa Venezuela. Mafuta yanakuja, serikali inalipa sehemu tu, inayobaki ni mkopo wa miaka 25 kwa riba ya asilimia 1. Serikali inayauza mafuta nchini, na zile pesa ambazo hazijadaiwa bado zijenge barabara, hospitali, shule. Zilikuwa takriban dola bilioni 2. Baadaye mahakama yao ya ukaguzi wa hesabu ilifungua vitabu, na nimesoma mfano mmoja nikasimama jikoni na sufuria mkononi. Barabara moja, kazi ileile, mikataba miwili, kampuni mbili, namba ya ushuru ileile, wafanyakazi walewale. Moja ya hizo kampuni ni Agritrans, kampuni ya ndizi, iliyokuwa ikiongozwa na Jovenel Moïse kabla hajawa rais. Mwenyewe alikana kosa lolote.

Mafuta ya Venezuela yalipokatika, nani alilipa? Julai 6, 2018, Brazil ikicheza na Ubelgiji Kombe la Dunia, na Wahaiti wanavyoipenda Brazil, serikali ikatangaza bei mpya katikati ya mechi. Mafuta ya taa yalipanda asilimia 51. Jamani, mafuta ya taa! Hayo ndiyo ya yule asiye na umeme. Brazil ikafungwa, watu wakatoka wakaingia barabarani. Mwezi uliofuata vijana wakaanza kushika makaratasi ya boksi yameandikwa "Kot kòb PetroCaribe a?", yaani pesa za PetroCaribe ziko wapi?

Na hapa ndipo magenge yanapoingia, mama. Mwanasiasa wa kule amekuwa na vijana wake kwa miaka mingi: wa kumletea kura, wa kuwasha maandamano au kuyazima. Mfanyabiashara naye ana wake wa kulinda ghala na bandari. La Saline ni mtaa wa maskini uliokuwa ukitoa waandamanaji wengi. Novemba 13, 2018, watu wenye silaha waliuvamia wakaua makumi ya watu. Mwaka 2020 Marekani iliwawekea vikwazo watu watatu kwa mauaji hayo: Jimmy Chérizier, yule kiongozi wa genge wanayemwita Barbecue, ambaye wakati ule alikuwa polisi, na maafisa wawili wa serikali. Mmoja alikuwa mkurugenzi mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani, na Marekani ilisema ndiye aliyetoa silaha na magari ya serikali. Mwaka 2024 ikamwekea vikwazo rais wa zamani Michel Martelly, ikimtuhumu kwa biashara ya dawa za kulevya na kufadhili magenge.

Haiti haina kiwanda cha bunduki. Nyingi zinatoka hapahapa Marekani, hasa Florida, zimefichwa ndani ya makontena ya nguo kuukuu na vyakula. Hilo linaniuma, kwa sababu ninakatwa kodi hapa.

Kisha vijana wakaona hawahitaji tena posho ya mheshimiwa. Wana utekaji, wana vizuizi barabarani ambapo kila lori linalipa. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Moïse aliuawa chumbani kwake Julai 7, 2021. Waziri Mkuu Ariel Henry alikuja Nairobi kusaini makubaliano ya kupeleka polisi wetu wa Kenya huko kwao, Machi 1, 2024, na huku nyuma magenge yaliyoungana yakavunja gereza kuu, maelfu ya wafungwa wakatoka. Hakurudi tena kwake kama kiongozi. Likaundwa baraza la mpito, na kabla mwaka kuisha wajumbe wake watatu wakatuhumiwa kumdai mkuu wa benki ya serikali gourde (pesa ya Haiti) milioni 100 ili abaki kazini. Wamekana. Lakini huku watu wanalala kwenye madarasa ya shule! Zaidi ya milioni moja wamehama makwao.

Vijana wetu wa kwanza walitua Juni 25, 2024, siku ileile Nairobi vijana wengine waliingia Bungeni. Waliokwenda walifika zaidi ya 700, nao waliahidiwa vifaa na pesa ambazo nyingi hazikufika. Wako waliofia kule, na familia zao nazipa pole. Septemba 30, 2025 Umoja wa Mataifa ulipitisha kikosi kipya, kikubwa zaidi. Kitapambana na aliyeshika bunduki. Aliyeinunua anakaa mtaa mwingine, wenye mageti.

Mama, kwa hiyo si wao kwa wao. Ni waliolipwa na waliolipa.

Kuna kitu kimoja sijaweza kukitoa kichwani. Juni 17, 2025, zile video za Nairobi, vijana juu ya bodaboda na mijeledi na rungu wakiwapiga waandamanaji. Nilimwonyesha yule dada wakati wa mapumziko. Hakuuliza ni akina nani. Aliuliza, "Wanalipwa na nani?"

Kama wewe unayetazama uliwahi kupewa pesa na mtu wa mheshimiwa ukavuruge mkutano, niandikie kwa siri. Jina lako sitalitaja. Nataka kujua alikupa nini, na siku ya pili alikuambia nini.