Bamvua Halingoji Maoni: Mhadhara Uliotolewa Malindi

Bwana asifiwe. Asanteni kwa kufika, na karibuni sana majirani zetu Waislamu mlioketi nasi jioni hii.

Siku hizi kuna neno limezoeleka mitaani na vyuoni: "Kila mtu na ukweli wake." Husemwa kwa nia njema, ili watu wasigombane. Mimi naliona ni neno la hatari, na sababu zake ziko hapa hapa kwetu.

Lina upande wake ulio sawa. Namna ya kuvaa, kula, kuoa na kukaa matanga hutofautiana, wala Mungu hakuagiza zifanane. Mitume walipokutana Yerusalemu, Matendo 15, walikataa kuwatwika watu wa mataifa tohara. Warumi 14 inawaachia waumini uhuru katika vyakula na siku. Mmishenari aliyedhani jina la Kizungu ni sehemu ya Injili alichanganya mila na kweli. Leo tunakosea kinyume chake: tunaichukua kweli na kuihesabu kuwa mila.

Tazameni bahari. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa sana hadi mwamba ukaonekana. Kama siku saba baadaye ni maji mafu. Mgiriama, Mbajuni na Mtaliano mwenye nyumba ufukweni wana maneno yao tofauti kwa mambo hayo. Lakini atakayepita juu ya mwamba maji yakipwa, chombo chake kitakwama, awe nani. Majina ni yetu; maji si yetu.

Sasa, imani ya Kikristo imejiweka upande wa maji, yaani upande wa mambo yaliyotokea, si wa majina tunayoyapa. Someni 1 Wakorintho 15. Paulo aliandika kama mwaka 55, miaka 25 hivi baada ya msalaba. Anamtaja Kefa, yaani Petro, anamtaja Yakobo, anataja ndugu zaidi ya 500 waliomwona Yesu kwa pamoja, kisha anaongeza kwamba wengi wao wanaishi hata sasa. Kwa nini aongeze hilo? Kwa sababu aliye hai huulizwa. Na aya ya 14 inasema wazi: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri kwetu ni bure, na imani yenu ni bure. Mtume mwenyewe ameonyesha mahali ambapo imani yake ingevunjika. Hatuambiwi tuamini kwa kuwa inatuliwaza.

Ndiyo maana naomba tuseme kweli na majirani zetu. Sura ya An-Nisaa katika Kurani, aya ya 157, inasema Isa hakusulubiwa. Injili zote nne zinasema alisulubiwa. Haiwezekani yote mawili yawe yametokea. Kusema "wote mko sawa" ni kumwambia Mwislamu na Mkristo kwamba hakuna aliyesema kitu. Heshima ni kusikilizana hoja hadi mwisho, kisha tukapeana mkono na kunywa kahawa.

Nije Shakahola, na nalisema kwa uchungu. Kuanzia Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, ndani ya kaunti yetu ya Kilifi, watoto wakiwemo. Watu waliaminishwa kwamba kujinyima chakula hadi kufa kungewafikisha kwa Yesu. Anayeshikilia kwamba kila mtu ana ukweli wake atasema nini pale kaburini? Hana neno. Mafundisho yale yalikuwa ya uongo, na ungeweza kuujua mapema.

Ungeujuaje? Kwanza, soma sura nzima, usiridhike na mstari mmoja. Mathayo 4 inasema Yesu alifunga siku 40, mwisho akaona njaa. Mfungo ulikuwa na mwisho. Luka 24 inasema baada ya kufufuka alipewa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Aliyeshinda mauti alikula samaki! Halafu angalia swali linapokewaje. Watu wa Beroya, Matendo 17:11, walichunguza maandiko kila siku wapate kuona kama Paulo anasema kweli, nao wakasifiwa. Mwalimu anayemwita muulizaji muasi, anayetenga watu na jamaa zao, shule na hospitali, amefunga kila dirisha ambalo kosa lake lingeonekana. Wengi hunaswa hapa: hupima ukali wa sauti ya mhubiri, hawapimi ushahidi wake.

Nimalizie na swali la kweli lenyewe, lilivyoandikwa zamani. Huko Manchester, Uingereza, kuna kipande cha mafunjo, karatasi ya kale, kidogo kuliko kiganja. Kimeandikwa pande zote mbili, kwa hiyo kilitoka katika kitabu cha kurasa, si gombo. Kina sehemu za Yohana 18, Yesu akiwa mbele ya Pilato. Ndiyo sura ambamo Pilato aliuliza, "Kweli ni nini?" kisha akatoka nje asingoje jibu.

Sisi hatutoki. Kipaza sauti kiko pale mbele. Tuanze na mwenye pingamizi.