Wingu la Kinango, Wingu la London

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote mliofika. Kina mama wa mbele nawaona, ahsanteni. Wazee wangu wa Mji wa Kale, kuziacha baraza zenu jioni hii mkaja kunisikiliza ni heshima kubwa kwangu. Nanyi vijana wa kidato cha nne, naona madaftari yametoka. Vizuri.

Kabla sijaanza, tazameni dirishani. Kaskazi imekwisha na kusi haijakaza. Tumo katika tanga mbili, kile kipindi ambacho upepo hauna upande. Juu ya Likoni kuna wingu zito tangu alasiri. Nilipokuwa nikishuka kwenye matatu, makanga alimhimiza dereva, "Twende, mvua hiyo yaja!" Bibi mmoja wa kiti cha nyuma akamjibu, "Na ije, mwanangu. Joto limetuua." Nimekuja kuzungumza juu ya misemo ya Kiingereza ya mawingu na hali ya hewa, na nusu ya mazungumzo yangu imo katika jibu la bibi yule.

Nafundisha Kiingereza mwaka wa 26 sasa. Mwanzoni mwa kazi nilifanya kosa ambalo hadi leo linanichoma. Nilikuwa nasahihisha insha. Mtoto mmoja aliyetoka Kinango aliandika kwamba mwezi wa Aprili "a dark cloud hung over our village", na watu wote wakatoka nje wakipiga vigelegele. Nikapiga mstari mwekundu. Pembeni nikaandika: maana si sahihi. Nikamkata alama mbili. Siku ya pili alinijia mezani, daftari kalikumbatia kifuani, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwetu wingu likikaa juu ya kijiji watu humshukuru Mungu. Mahindi yalikuwa yanakauka."

Mnaoijua Kinango mwajua. Mvua ikiruka msimu mmoja, ng'ombe hulala asiinuke. Mtoto aliandika kweli tupu, alichokiona kwa macho yake. Mimi nikamsahihisha kwa mbingu za watu wengine, wala sikumwambia kwamba ni za watu wengine.

Mwingereza akisema mtu yuko "under a cloud", maana yake mtu huyo anashukiwa, jina lake limeingia doa. Mhasibu aliyeacha kazi huku ukaguzi wa hesabu zake unaendelea, "he left under a cloud". Akisema ameona "a cloud on the horizon", ameona shari inakuja. Hata uso wa mtu ukisawijika kwa huzuni, husema uso huo umeingia mawingu. Tafuteni wingu jema katika misemo yao, mtatafuta sana.

Kwa nini? Wengi hudhani ni kwa sababu Uingereza kuna mvua nyingi kuliko kwetu. Hapana. Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, London hupata kama 600. Sisi ndio tunaonyeshewa zaidi. Ila mvua yetu huja kwa zamu. Masika yakikolea mwezi Mei, maji hufunika barabara, watu huvua viatu, kisha baada ya saa mbili jua laangaza na nguo zimeanikwa. Yao imegawanywa katika miezi yote 12, manyunyu baada ya manyunyu, chini ya wingu la kijivu linaloweza kukaa juma zima bila kusogea. Na mwezi Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi za jioni. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, wingu limemnyang'anya mwanga, na mwanga wenyewe alikuwa nao kidogo.

Sasa twende kwenye msemo ambao kila mwanafunzi ameukariri: "every cloud has a silver lining". Vitabu vya shule hueleza kwamba kila baya lina jema lake. Sawa. Lakini mwulize mwanafunzi hiyo "lining" ni kitu gani, atakwambia ni mstari. Nimesikia watu wazima, wenye elimu yao, wakisema "mstari wa fedha". Hebu tazameni koti langu. Nalivua. Huku nje ni kitambaa cha kijivu, kimechoka kidogo. Nikiligeuza, huku ndani mnaona hiki kitambaa laini kinachong'aa. Fundi wangu wa Mtaa wa Biashara hukiitaje? Naam, mama, umesema: bitana. Kina mama mnaoshona mmelijua neno hili siku zote. Joho la bwana harusi lina bitana. Basi "lining" ni bitana. Wingu limevaa joho jeusi, na ndani yake kuna bitana ya fedha.

Picha hiyo ilitoka kwa mshairi John Milton, katika mchezo wake uitwao Comus, ulioigizwa mwaka 1634. Msichana amepotea msituni usiku, yuko peke yake. Anainua macho, anaona mng'ao wa nuru pembezoni mwa wingu jeusi, anajiuliza kama macho yamemdanganya au kweli wingu limegeuza bitana yake ya fedha. Mwezi umejificha nyuma, nuru inachungulia ukingoni, kama bitana ya joho inavyochungulia mtu akitembea.

Hapa nataka tukae kidogo, maana kuna jambo nilichelewa sana kuliona. Tumezoea kusema msemo huu ni sawa na "baada ya dhiki, faraja". Si sawa kabisa. Methali yetu ni ya wakati: dhiki itapita, kisha faraja ifuate. Ya Kiingereza ni ya mahali: faraja imo ndani ya dhiki hiyo hiyo, saa hii hii, katika upande usiouona. Ndiyo maana "baada ya dhiki, faraja" waweza kumwambia mfiwa pale matangani, ukamshika mkono, akaitikia. Ukimwambia Mwingereza aliyefiwa "every cloud has a silver lining", umemwambia kwamba katika kifo cha mamake kuna faida. Utamuumiza. Vijana, andikeni hilo. Msemo huo ni wa mtu aliyekosa basi, au aliyenyimwa kazi kisha akapata nyingine nzuri zaidi. Msiupeleke msibani.

Ukishaligeuza wingu, ligeuze na jua. Sisi twasema "mchumia juani hulia kivulini". Jua ni jasho, ni kazi, ni mchukuzi wa mkokoteni pale Kongowea saa saba mchana. Kivuli ni malipo. Mwingereza yeye husema mtu amepata "a place in the sun", naye anamsifu: amepata nafasi nzuri, amefika. Na akitaka kusema mtu fulani amemfunika mwenziwe kwa ubora, husema amemweka "in the shade". Kwake kivuli ni kushindwa. Yaani mtu mmoja akiketi kivulini ni mfalme, mwingine akiwekwa kivulini amedharauliwa, na wote wawili wana haki kwa mbingu zao.

Au chukueni "make hay while the sun shines". Mkulima wa kule hukata majani ayakaushe yawe chakula cha mifugo wakati wa baridi. Jua likikatika, majani yanaoza. Kwa hivyo hulifukuzia jua. Wazee wetu walitoa wasia ule ule kwa namna gani? "Udongo uwahi ungali maji." Mfinyanzi anakimbizana na jua, maana udongo ukikauka haufinyangiki tena. Wasia ni mmoja. Mmoja analiomba jua likae, mwingine analiomba lisiharakishe. Kila nikiliwaza hili nafurahi kama mtu aliyeokota pete.

Mingine nitaipita haraka. "On cloud nine" ni kuwa na furaha kubwa. Mtasimuliwa kwamba imetoka katika atlasi ya kimataifa ya mawingu ya mwaka 1896, ambamo wingu la tisa ni lile refu kuliko yote, la radi. Hadithi tamu, lakini Wamarekani walisema pia wingu la saba na la nane kabla la tisa halijashika, kwa hivyo msiitegemee. "Raining cats and dogs" imo katika kila kitabu cha shule, na wenyewe Waingereza hawaisemi sana. Mvua ikishuka kwa wingi wao husema tu "it's pouring". Nanyi semeni hivyo. "Under the weather" ni mafua, uchovu, homa ndogo. Mtu aliyelazwa hospitali usimsemee hivyo.

"Rain check" sitaipita haraka, maana ilinigharimu. Kabla ya ualimu nilifanya kazi katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Mgeni wa Marekani aliniuliza habari za kwenda kutazama matumbawe, nami nikampatia mashua. Jioni nikamthibitishia safari ya asubuhi. Akatabasamu, akanigusa bega, akasema, "I'll take a rain check." Mimi nikasikia mvua, nikasikia kukagua. Nikaelewa kwamba asubuhi atakagua mvua kisha aje. Alfajiri mbingu ilikuwa nyeupe, hapana hata tone. Nikamwambia mwenye mashua asubiri. Tukasubiri. Maji yakaanza kupwa, mashua ikalala ubavu mchangani, na siku ya mtu yule ikapotea. Nililipa kutoka katika mshahara wangu, na hela haikuniuma kama uso wa yule baba alipokuwa akikunja tanga lake kimya kimya.

Mgeni hakudanganya. Alinikatalia kwa adabu. Katika besiboli, tangu miaka ya 1880, mchezo ukiharibiwa na mvua, mtazamaji hubaki na kipande cha tikiti cha kumruhusu kuingia siku nyingine. Kipande hicho ndicho "rain check". Kwa hivyo akikwambia hivyo, amekwambia: si leo, labda siku nyingine. Nasi twajua kukataa kwa adabu. "Inshallah, tutaona." Mgeni akilisikia hilo, naye hukaa akasubiri.

Ngurumo nayo ina kisa. Mwaka 1709, London, mwandishi John Dennis alibuni njia mpya ya kutoa sauti ya radi jukwaani kwa ajili ya mchezo wake. Mchezo haukupendwa, ukaondolewa upesi. Muda si muda akaenda kutazama Macbeth katika jumba lile lile, akasikia radi yake mwenyewe inanguruma. Akainuka kwa hasira akalalamika kwamba mchezo wake wameukataa lakini ngurumo yake wanaitumia. Leo mtu akitangaza jambo lako jema kabla yako, au akikudokolea sifa yako, Kiingereza husema ame-"steal your thunder". Tamthilia yenyewe imesahauliwa. Malalamiko ya mwenyewe ndiyo yaliyobaki.

Namalizia baharini, maana huko ndiko mbingu zetu na zao zilipokutana. Mwingereza naye ni mtu wa matanga. "Taken aback" hufasiriwa kushtuka, na mwanafunzi huikariri bila kuona kitu. Ni upepo uliogeuka ghafla ukalipiga tanga kwa mbele, ukalibana mlingotini, chombo kikasimama. Nani hapa hajawahi kupokea habari namna hiyo?

Lakini uliokuwa ukinishinda ni "three sheets to the wind", yaani kulewa chakari. Wanafunzi husema "sheets" ni mashuka, nami miaka mingi niliwaacha waseme, kwa kuwa sikuwa na jibu. Siku moja nikateremka Bandari ya Kale nikamkuta nahodha mmoja mstaafu, amekaa juu ya gunia, anashona wavu. Sikumtajia Kiingereza hata kidogo. Nilimwuliza, "Mzee wangu, ile kamba ishikayo pembe ya chini ya tanga, ya kulikaza na kulilegeza, mwaiitaje?"

Hakuinua macho. "Demani."

Ndiyo hiyo "sheet". Si shuka, wala si tanga. Ni demani.

Nikamwuliza, "Na demani ikiponyoka, upepo ukaichukua?"

Hapo akauweka wavu chini. Akanyosha kiganja, akakipeperusha hewani kama tanga lililokosa mshiko, kisha mwili wake mzima ukaanza kuyumba pale juu ya gunia, kulia, kushoto.

"Tanga halina kazi tena, mwanangu. Lapigapiga tu. Na chombo chalewalewa."

Haya, maswali. Tuanze na mama aliyelijua neno bitana.