Mwache Aseme Mwenyewe: Mahojiano ya Polisi

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni mahojiano ya polisi, na nataka tuanze na shahidi, maana yeye huharibiwa mapema bila mtu yeyote kukusudia.

SALUM: Anaharibiwaje?

NEEMA: Kwa swali. Mwaka 1974 kule Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali. Kundi moja liliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", jingine "yalipobamizana". Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwepo kabisa. Kundi la kwanza, 7 kati ya 50 walisema waliviona. La pili, 16.

SALUM: Neno moja tu! Sasa askari akiuliza, "Yule wa shati jekundu alishika panga?"

NEEMA: Ameshampa shahidi shati, na panga juu yake. Sema, "Nieleze ulichoona tangu mwanzo," kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Na aliyebakwa au kuvamiwa usimkatize anaporuka mbele na kurudi nyuma. Mtu aliyepata mshtuko hasimulii kwa mpangilio, na hilo halimfanyi mwongo.

SALUM: Mtuhumiwa je? Wapo watakaosema jambazi hasemi kwa kubembelezwa.

NEEMA: Waitazame Guildford, Uingereza. Oktoba 1974 mabomu yaliua watu watano kwenye baa. Vijana wanne walikiri polisi, mmoja ana miaka 17, wakafungwa maisha 1975. Ushahidi dhidi yao ulikuwa kukiri kwao tu. Waliachiwa 1989, na waliotega yale mabomu hawajahukumiwa kwa kosa hilo mpaka leo. Hilo ndilo linaloniuma: ukimlazimisha asiyehusika akiri, unaacha kumtafuta anayehusika.

SALUM: Polisi wa Uingereza walibadilika?

NEEMA: Sana. Walianza kurekodi mahojiano, na mwaka 1992 ukaja mfumo wa kuhoji uitwao PEACE. Mpelelezi anajiandaa, anamweleza mhojiwa kwa nini yupo pale, anamwachia atoe maelezo yake yote, ndipo anamwekea ushahidi mezani. Mwongo anakuwa ameshajifunga mwenyewe.

SALUM: Kwetu Tanzania sheria inaweka muda wa saa 4 za kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi, na ukitaka zaidi kuna utaratibu. Lakini maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, yakifika mahakamani, wakili anasimama: mteja wangu aliteswa. Hapo inaanza kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, ya kuamua kama maelezo yale aliyatoa kwa hiari. Wengi tuliijua mwaka 2021, kwenye kesi ya mwanasiasa wa upinzani Freeman Mbowe na wenzake.

NEEMA: Na hapo namfikiria hata askari aliyehoji kwa haki. Anasimama kizimbani akihojiwa na mawakili kutwa nzima, neno lake dhidi ya neno la mtuhumiwa, wakati rekodi ya video ya mahojiano yale ingechezwa pale, hakimu akaona mwenyewe.