Mke kapima, baba kapona?
(Mazungumzo na madereva wa bodaboda, Makambako, mkoani Njombe)

Kamwene! Hamjaamka nyie. Kamwene! Haya, sasa nimesikia. Asanteni kwa kuzima pikipiki. Najua kila dakika mnayokaa hapa kuna abiria anapakiwa na mwingine, sitawachelewesha.

Mimi ni muuguzi, na miaka mingi nimekaa chumba cha ushauri nasaha. Kuna jibu moja nimelisikia humo mpaka nalisubiri. Namuuliza mwanaume, "Baba, umeshawahi kupima virusi vya UKIMWI?" Ananijibu bila wasiwasi, "Ndiyo, mke wangu alipimwa kliniki ya wajawazito, hana kitu." Mke kapima, baba kapona! (Kicheko.) Mnacheka, lakini hapa wapo wanaotembea na majibu ya mke mfukoni kama leseni ya kuazima.

Wanangu, damu ya mke haikusemei. VVU haviambukizwi kila mara watu wanapokutana. Nimewapokea wanandoa waliolala kitanda kimoja miaka, mmoja anavyo, mwenzake hana. Kwa hiyo mama anaweza kuwa salama leo wakati wewe unavyo, na bado muda wa kumkinga upo. Wewe ukasikia hana, ukalala usingizi. Hapo ndipo ninapoumia.

Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima nchini wanaishi na VVU. Mkoa wetu wa Njombe, asilimia 12.7. Kwa hesabu ya sokoni, katika kila watu wanane, mmoja. Msiangaliane! Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wanaojua hali zao karibu wote wako kwenye dawa, na wengi wao virusi vimefubaa. Tunakokwama ni mlangoni, kwenye kujua tu, na waliokwama zaidi ni wanaume. Mama akibeba mimba anapimwa. Wewe utabebeshwa na nani? (Kicheko.)

Woga wenu siushangai. Wagonjwa wa kwanza nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, watu wakauita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivuma enzi hizo. Hapakuwa na dawa. Baadhi yenu mmelelewa na bibi kwa sababu hiyo, na picha mliyobaki nayo ni ya mtu kitandani. Leo anayeanza dawa mapema anameza kidonge kimoja kwa siku, anaendesha pikipiki, anazaa watoto wasio na maambukizi. Virusi vikifubaa hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Ila dawa haisahauliwi. Ukiacha, vinaamka.

Kipimo chenyewe ni hiki, kirefu kama kidole. Nakuchoma kidoleni, unashtuka kidogo (kuna mmoja hapa aliyeanguka na pikipiki mara tatu lakini sindano anaikimbia, simtaji!), tone la damu, dawa kidogo, tunasubiri kama dakika 15. Mstari mmoja unaonyesha kipimo kinafanya kazi. Ukitokea wa pili, sikuandikii chochote bado, nakurudia kwa kipimo cha aina nyingine. Majibu ni ya kwako. Simpigii mkeo simu, wala mwenyekiti wa kijiwe. Asiyetaka kuonana na mimi kabisa, tangu sheria iliporekebishwa 2019 anaweza kujipima mwenyewe. Vipo vya kupitisha kwenye fizi. Kikionyesha unavyo, njoo tuthibitishe.

Swali? Sema, usiogope... Anauliza, mtu akiteleza jana usiku, leo kipimo kitaonyesha? Hapana. Mwili unahitaji wiki kadhaa, ndiyo maana tunakwambia urudi baada ya miezi mitatu. Lakini kwa ya jana usisubiri miezi mitatu! Kimbilia kituo cha afya ndani ya saa 72, kuna dawa za kuzuia, unameza siku 28. Kila saa ina maana hapo, kwa hiyo usianze kwanza kumalizia abiria.

Meza yangu iko kule chini ya mparachichi, pazia limeshafungwa, na hakuna malipo. Mwenyekiti amesema anaanza yeye. Mwenyekiti, funguo za pikipiki niachie mimi, usije ukapata abiria wa ghafla.