Gari Moja, Shangazi, na Halua ya Watu wa Sur

KHAMIS: Haya, inarikodi. Asalaam alaykum wasikilizaji. Mliokuwa mnatuma meseji mbona wiki iliyopita nilikuwa peke yangu, jawabu lenu hili hapa limekaa mbele yangu, karudi kutoka Oman na pua imebabuka.

SALMA: Waalaykum salaam jamani. Imebabuka na nina furaha nayo.

KHAMIS: Leo nimejitayarisha, nina mambo sita nimeyaandika kwa mtu anayetaka kupiga kambi jangwani, tutayapitia moja moja. Lakini anza wewe na hadithi yako, kwa ufupi.

SALMA: Mnajua nilikwenda Muskat kwenye harusi kwa shangazi. Harusi imekwisha, tukasema twende Sur tukawaone jamaa, tulale kulekule kwao, basi. Anaendesha mtoto wa shangazi, shangazi mwenyewe kakaa mbele, mimi na wifi yangu nyuma. Tumepita Ibra, tunafika Bidiya jua linaanza kushuka, ukitazama mkono wa kulia unauona mchanga umesimama mwekundu nyuma ya nyumba za watu na mitende yao, yaani mji unaishia pale na jangwa linaanza palepale, hakuna katikati. Shangazi kautazama weee, halafu akamwambia mwanawe, "Ingia."

KHAMIS: Ingia wapi?

SALMA: Mchangani! Kakaa nchi ile tangu msichana, kazaa, kazeeka, na hajapata kulala jangwani hata usiku mmoja. Kila mwaka wanasema watakwenda, mara mtoto anaumwa, mara kuna mgeni, mara joto.

KHAMIS: Na mahema mnayo?

SALMA: Hema la nani? Tulikuwa na mikeka, mablanketi mawili ya wifi yangu, na katoni za maji zilizobaki harusini. Tende zipo. Chupa ya kahawa ipo. Na halua.

KHAMIS: Halua ya nini?

SALMA: Bakuli kubwa limefungwa vizuri, la kuwapelekea watu wa Sur.

KHAMIS: Salma. Mmeila?

SALMA: Tumeila.

KHAMIS: Mmekula amana ya watu!

SALMA: Ile zawadi, amana iko wapi hapo? Zawadi mpaka ifike ni ya aliyeibeba.

KHAMIS: Nani kakwambia hivyo? Watu wa Sur wanajua inakuja?

SALMA: Walikuwa wanajua.

KHAMIS: Subhanallah.

SALMA: Ngoja nimalize. Tukasimama kwanza kwa fundi tairi palepale Bidiya kupunguza upepo. Kuna mzee kakaa kwenye kiti nje, katusikia tunasemezana, akaingia na Kiswahili chake safi kabisa, "Nyie wa Unguja ya wapi?" Nikamwambia Kikwajuni. Basi ikawa anamuulizia mtu huyu na huyu, wengine babu yangu ndiye angewajua. Watu wengi wa kwetu asili yao ni upande ule wa Sharqiya, kwa hiyo ukifungua mdomo tu ushapata jamaa.

KHAMIS: Hilo la upepo ndo jambo langu la kwanza hapa kwenye karatasi, wasikilizaji. Lami unakwenda na upepo wa kama psi 35, ukiingia mchangani unashusha mpaka 18 hivi, wengine 15. Tairi linalala, linakuwa pana, uzito wa gari unatawanyika na halizami. Ukitoka lazima ujaze tena kabla hujakimbia barabarani, ukikimbia na tairi laini linapata moto na kupasuka. Haya, la pili...

SALMA: La pili baadaye. Tukaingia ndani, si mbali sana, nyuma ya safu ya kwanza ya vilima vya mchanga. Jangwa lile lina karibu kilomita 180 kutoka kaskazini mpaka kusini na 80 upana, na vilima vyengine vinafika mita 100, kwa hiyo sisi tulikuwa mlangoni tu. Tukasimama karibu na mti wanauita ghaf, mizizi yake inashuka chini mno kufuata maji, ndo maana unauona una majani mabichi pale pasipo na kitu. Tukatayamamu, maji tukayaacha ya kunywa, tukasali. Na unajua kilichonishangaza? Mimi mtu wa Unguja maisha yangu yote naelekea kaskazini kusali. Kule kibla ni jua linakozama. Unasali magharibi na wekundu wa jua uko mbele ya uso wako.

KHAMIS: Mashaallah, hilo zuri. Na halua mmeila saa ngapi?

SALMA: Khamis!

KHAMIS: Nauliza tu. Ilikuwa halua gani?

SALMA: Ya zafarani, ina lozi na marashi ya waridi. Sasa sikiliza hili. Jangwani saa hizi ni majira yao ya baridi, jua likizama tu joto linakimbia, tukifungua lile bakuli halua imekuwa ngumu, samli imeganda pembeni nyeupe, kijiko hakiingii. Shangazi kalichukua bakuli akaliweka juu ya boneti, injini bado ina moto. Akakaa pembeni analishika kwa mkono mmoja lisiteleze. Baada ya muda samli ikaanza kung'aa tena, ikaja harufu ya iliki, ukikata kijiko inavutika.

KHAMIS: Halua ya Wete, kule Pemba, haihitaji kupashwa moto.

SALMA: Tumefika Wete sasa.

KHAMIS: Lazima tufike! Halua ya Wete inapikwa na mtu mzima anatoka jasho, ule wanga na sukari ukishaingia kwenye karai huachi mwiko, ukiacha dakika mbili tu inashika chini na harufu ya kuungua imeingia yote, huitoi tena. Samli inaongezwa kidogo kidogo mpaka halua yenyewe inaikataa. Ikipikwa vile inakaa laini hata wiki, unaikata kwa kidole. Tena kwenye kikapu cha ukindu.

SALMA: Ingelala nje na sisi usiku ule nayo ingeganda. Samli ni samli.

KHAMIS: Isingeganda vile.

SALMA: Lete kikapu kimoja tukiweke kwenye friji, tutizame.

KHAMIS: Halua haiwekwi kwenye friji!

SALMA: Basi hujui kama inaganda.

KHAMIS: Haya tuiache. Niulize jambo la maana. Mlikwenda gari ngapi?

SALMA: Moja.

KHAMIS: Nani alijua mko wapi?

SALMA: Tuliwapigia Sur tukawaambia tunalala njiani.

KHAMIS: Njiani wapi?

SALMA: Njiani.

KHAMIS: Hapo ndo siwezi kukubaliana na wewe, na sisemi kwa mzaha. Gari moja, mama mtu mzima ndani, na anayejua mlipo hayupo. Gari likinasa mnalivuta na nini? Mtume kamwambia yule bedui mfunge ngamia wako kisha tawakali. Nyie mmetawakali, ngamia hajafungwa.

SALMA: Kafungwa! Dereva kazaliwa kule, mchanga anaujua. Maji tele. Barabara tunaziona taa zake. Tungesema tupange, tutafute gari la pili, tununue mahema, shangazi angerudi nyumbani kama miaka yote hii. Mipango ndiyo iliyomzuia.

KHAMIS: Bertram Thomas, yule Mwingereza wa kwanza kuvuka lile jangwa kubwa la Rub al-Khali, katoka Salalah mwisho wa 1930 akatokea Doha mwanzoni mwa 1931. Huyo alikuwa na Mabedui wa kabila la Rashid wenye nchi yao, na ngamia wa kubadilisha njiani. Hakusema "ingia".

SALMA: Huyohuyo aliondoka Muskat kimya kimya hajamuomba mtu ruhusa, na alikuwa waziri wa Sultani! Angeomba angekatazwa.

KHAMIS: Kimya kimya siyo bila mpango. Alishatembea jangwani safari nyengine kabla, miaka kajitayarisha.

SALMA: Ana miaka ya kujitayarisha huyo. Shangazi hana.

KHAMIS: Kwa sababu hana ndo ungemlinda zaidi.

SALMA: Kumlinda na nini, na furaha? Khamis, ungemuona asubuhi. Bahari ya Arabuni haiko mbali, ukungu unaingia usiku, tumeamka mablanketi yamelowa umande, mchanga wa juu umeshikana kidogo una alama za miguu ya wadudu kila upande, na yeye kashaamka zamani, kakaa peke yake juu ya kilima miguu peku. Mie sitakwambia tulikosea kwa sababu sioni tulikosea.

KHAMIS: Mimi namfurahia shangazi, wallahi, na bado nasema hapana. Kutoka salama siyo ushahidi kwamba ilikuwa salama.

SALMA: Na kukaa nyumbani siyo ushahidi kwamba umeishi.

KHAMIS: Sikubali.

SALMA: Usikubali.

KHAMIS: ...Tuna muda gani? Ah. Wanaofuata studio wako mlangoni, naona kijana ananionesha saa. Na mambo yangu sita nimesoma moja tu, la tairi.

SALMA: Matano yaliyobaki yana nini?

KHAMIS: Ya maana sana, kuna la wadi, yale mabonde makavu ya mito, na mvua, kuna la ngamia barabarani usiku, hayafupishiki haya, siyasomi mbiombio. Ila wasikilizaji tuandikieni, gari moja jangwani na mzee ndani, mngekwenda?

SALMA: Waandikie na suala langu. Mna mzee gani nyumbani anayesubiri mipango yenu?

KHAMIS: Na wa Sur je, halua yao?

SALMA: Tumewanunulia nyengine palepale mjini kwao.

KHAMIS: Mmewapelekea watu wa Sur halua ya Sur?

SALMA: Zima kaka, watu wanagonga.